Mashine kuukuu, sensa mpya: vifaa vya mtandaoni vinabadilisha nini viwandani kwetu Uganda? (Uzi)

#1 Fundi_wa_Njeru

Wakuu, salaam. Humu kila baada ya muda anatokea mtu kuuliza viwanda vya kisasa vitafika Uganda lini, na majibu huwa ni picha za roboti za Ujerumani zikichomelea magari. Mimi kazi yangu ni umeme wa viwandani: Njeru na Jinja, Lugazi, Namanve, na nikiitwa Mbale naenda. Ninachokikuta nikifungua paneli, lile kabati la umeme wa mashine, hakifanani na zile picha. Mota ni ya zamani, gia ni ya zamani, konveya imeungwaungwa hadi hujui kipande kipi kilikuja na mashine. Kipya ni sensa, kisanduku kidogo cha kupima kilichofungwa ubavuni mwa mota, kina betri na antena, na kinapeleka habari za mota hiyo kwa mtu aliye mbali.

Hicho kisanduku ndicho kimenileta hapa.

Kwa wasio wa fani, kiwanda kujipima si jambo la jana. Ndani ya boila kuna kipima joto, kwenye bomba kuna kipima presha, na kila kimoja kina waya unaorudisha mkondo wa miliampea 4 hadi 20 kwenye paneli. Kwa nini ianzie 4 na si 0? Kwa sababu waya ukikatika paneli inasoma 0, nawe unajua papo hapo kwamba shida ni waya, si kwamba tangi limekauka. Waliobuni hilo walikuwa na akili timamu. Habari zote zinaishia kwenye PLC, kompyuta ndogo ngumu inayoamua vali ifunguke au mota izime. PLC za kwanza zilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, General Motors walipochoka kufumua makabati ya relei, zile swichi zinazojiendesha kwa umeme, kila walipobadilisha muundo wa gari. Kwa hiyo mashine kujiendesha tumekuwa nako miaka mingi, hata hapa kwetu.

Kilichobadilika ni bei, na mahali habari inapofika. Zamani kupima mtetemo wa mota kulihitaji mtaalamu aje na mkoba wake, apime, aandike ripoti, aondoke hadi mwaka mwingine. Leo kipimo hicho unakiacha juu ya mota usiku na mchana. Na habari iliyokuwa inafia ndani ya paneli sasa inamfikia meneja aliye Kampala, muuza vipuri, hata aliyeitengeneza mashine huko alikoitengeneza.

Faida yake ipo, na si ya kubahatisha. Beringi ikianza kuharibika, dalili za mwanzo ni mtetemo wa kasi ambao huusikii kwa sikio. Joto linakuja baadaye. Ile kelele inayomfanya kila mtu ageuke ni dalili za mwishomwisho, na mara nyingi zikifika hapo umeshachelewa kuagiza kipuri. Kwa mota za kilowati 15 hadi 75, jedwali la zamani la ISO 10816, kiwango cha kimataifa cha mtetemo, linasema mtetemo usiozidi milimita 1.12 kwa sekunde ni mzuri, ukipita 2.8 anza kupanga matengenezo, ukipita 7.1 unaomba msiba. Kwa kiwanda ambacho beringi yake inasafiri kutoka Mombasa, kujua mapema hivyo kuna thamani kuliko kwa mwenzetu wa Ulaya anayeletewa kesho yake.

Sasa msimamo wangu, mkitaka nipigeni mawe: mashine kuukuu itiwe masikio, lakini breki zake zisiende mtandaoni. Kifaa kilichounganishwa kisikilize, kihesabu, kipige kelele. Kuzima na kuwasha kubaki kwa PLC na kwa mtu aliyesimama pale. Na kabla hujanunua chochote, jibu swali hili: saa nane usiku ujumbe ukiingia kwamba beringi inakufa, nani kwenye zamu ana ruhusa ya kusimamisha mashine bila kumpigia bosi simu? Kama hakuna, weka hela yako mfukoni.

#2 Tanuru_Tororo

Fundi, heshima yako, ila naona unauza jambo la kawaida kwa bei ya mapya. Mimi ni Mkenya, nimefanya kazi kwenye saruji upande wa kwetu na sasa niko Tororo. Tanuru la klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, linafika nyuzi 1,450 hivi ndani. Nje kuna skana inayosoma joto la ganda lote la tanuru linapozunguka, kwa sababu tofali la ndani likidondoka ganda linaanza kuiva na ukizubaa linapinda. Hiyo skana ilikuwepo kabla mtu yeyote hajaanza kutuimbia habari za vifaa mahiri. Tuna chumba cha udhibiti, tuna skrini, tuna kengele. Hawa vijana wanaokuja na sensa za bluetooth na tablet wanatufundisha nini?

#3 Fundi_wa_Njeru

Mzee wangu wa Tororo, hamna wanachowafundisha ninyi, na hilo nakubali kabisa. Saruji, sukari, bia, bwawa la umeme: kote huko saa moja ya kusimama ni hela nyingi sana, kwa hiyo chumba cha udhibiti kinalipwa na tanuru lenyewe. Nalubaale pale Jinja inazalisha umeme tangu 1954, na hakuna siku ilikaa bila mtu wa kuangalia mita.

Mimi nawasemea wale wa kati. Mwenye kinu cha unga Kisenyi. Mwenye kiwanda cha chupa za plastiki chenye kompresa mbili. Wa kukoboa kahawa Masaka. Hawa chumba cha udhibiti hawatakijenga hata wakizaliwa mara ya pili, lakini sensa moja ya mtetemo na mita moja ya umeme inayosomeka kwenye simu wanaiweza. Kwenu sensa imeongeza namba moja juu ya namba elfu. Kwake imeleta namba ya kwanza kabisa.

#4 MamaMaziwa

Naomba niseme kama mtumiaji, mimi si fundi. Nasimamia kituo cha kukusanya maziwa Kiruhura, wafugaji wanaleta asubuhi, tunapooza hadi nyuzi 4, lori linakuja kuchukua kwenda Mbarara. Tangi likipata joto usiku, asubuhi lori linapima na kukataa, na maziwa yaliyokataliwa hayana pa kwenda. Huna habari jinsi mfugaji anavyokutazama siku hiyo.

Tuliwekewa kipima joto chenye laini ya simu. Kikiona joto limepanda kinatuma SMS. Kimetusaidia, sikatai, lakini mwanzoni kilikuwa kero tupu, kwa sababu mbili ambazo muuzaji hakututajia.

Kwanza, kila asubuhi maziwa ya moto kutoka kwenye ng'ombe yakimiminwa, joto la tangi linapanda. Lazima lipande! Kifaa kikawa kinapiga kelele kila asubuhi, sote tukazoea kufuta ujumbe bila kusoma. Fundi akaja akabadilisha: kisitume mpaka joto likae juu ya nyuzi 6 kwa muda bila kushuka. Kelele zikapungua, na watu wakaanza kusoma tena.

Pili, ujumbe ulikuwa unaenda kwa mwenyekiti wa ushirika, kwangu, na kwa mhasibu. Umeme ukikatika usiku, mwenyekiti anadhani mimi nimeshughulika, mimi nadhani mhasibu yuko karibu, mhasibu amelala. Jenereta imekaa pale na mafuta yake. Tukauondoa ujumbe kwa wakubwa wote, ukaenda kwa askari wa usiku na kijana wa jenereta. Mkubwa anapata ripoti asubuhi. Basi. Hiyo ndiyo teknolojia tuliyoihitaji, kubadilisha namba za simu.

#5 Fundi_wa_Njeru

MamaMaziwa, umeeleza vizuri kuliko mimi. Wanaouza hivi vitu watu wasome hapo mara mbili, hasa pale pa muda wa kungoja. Kengele inayolia bila sababu ni mbaya kuliko kutokuwa na kengele, maana inawafundisha watu kuipuuza.

#6 kijana_kyambogo

Kaka Fundi, mimi nasoma uhandisi wa umeme Kyambogo na mradi wangu wa mwisho unahusu mambo haya. Nina maswali. Karibu kila kifaa ninachokiangalia kinataka kupeleka data kwenye seva ya kampuni nje ya nchi, halafu wewe unaiangalia kupitia tovuti yao. Kwa intaneti ya hapa inafaa kweli? Bado tunakumbuka Januari 2021, uchaguzi ulipofika intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kiwanda chenye data yote nje kilifanyaje? Na gharama ya bando: ushuru wa mitandao ya kijamii ule wa shilingi 200 kwa siku wa 2018 uliondoka, lakini tangu Julai 2021 kuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe.

#7 Fundi_wa_Njeru

Swali zuri sana mdogo wangu, na jibu lake liko kwenye historia ya kitu utakachokutana nacho kwenye mradi wako kila siku: MQTT, utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe. Kilibuniwa 1999, na waliokibuni hawakuwa na intaneti ya kasi akilini. Walikuwa na mabomba ya mafuta nyikani na mawasiliano ya setilaiti, ambapo kila herufi inayopita inalipiwa. Kwa hiyo ujumbe ni mdogo mno, kifaa hakipigi hodi kila sekunde kuuliza kama kuna jipya, na kikipotea ghafla seva inawatangazia wengine kwamba fulani hayupo. Mtu wa Namanve anayenunua bando na mtu wa bomba la jangwani shida yao ni moja.

Sasa kuhusu seva. Ninavyofunga mimi: kuna kompyuta ndogo palepale kiwandani, ndani ya kabati, ina betri yake. Sensa zote zinaripoti kwake. Inahifadhi, inaonyesha kwenye skrini ya karakana, inapiga king'ora, hata intaneti iwe imezimwa mwezi mzima. Intaneti ikirudi inapeleka nje muhtasari tu: wastani wa dakika kumi, kilele cha siku, na matukio. Mtetemo ghafi ni maelfu ya namba kila sekunde. Ukiutuma wote kwa bando utafunga kiwanda kwa sababu ya vocha.

Siku zile za 2021, viwanda ambavyo PLC iliamua mambo palepale viliendelea kusaga. Kilichokufa ni ripoti za bosi. Ndiyo maana nasema breki zisitoke nje ya ukuta.

Kwa mradi wako, tazama pia walichofanya wenzako wa Makerere na AirQo tangu 2015. Si kiwanda, ni vipima hewa, lakini walitengeneza kifaa hapahapa wakijua vumbi la Kampala, joto, umeme wa kukatikakatika na mtandao wa simu. Vifaa vingi vinavyoletwa hapa kutoka nje vinakufa kwa vumbi na umeme kuyumba kabla havijafa kwa kingine chochote.

#8 Boda_Mjanja

Samahani wakuu, hivi Yaka yangu ya nyumbani, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nayo imo humu? Maana inajua sana hela zangu zikiisha 😂

#9 Fundi_wa_Njeru

Haimo ndugu. Yaka ya kawaida haiongei na mtu. Zile tarakimu 20 unazoingiza ndizo ujumbe wenyewe, na aliyezibeba kutoka kwenye simu hadi kwenye mita ni wewe. Mtandao ni miguu yako.

#10 Opereta_zamu_ya_usiku

Nimesoma tangu juu, mnaongea mota na maziwa. Hamjamtaja mtu. Ngoja nimtaje.

Kiwandani kwetu, sitataja jina, waliweka vihesabio kwenye kila mashine ya kufungasha. Skrini kubwa ukutani: mashine fulani, opereta fulani, imefanya kazi asilimia fulani. Ikishuka inageuka nyekundu na jina lako liko pale. Usiku mashine yangu inasimama kwa sababu katoni hazijaletwa kutoka stoo. Au fezi moja, waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme, imekatika. Au mashine ya kabla yangu imekwama. Skrini haijui hayo, inajua mashine ya fulani imesimama. Mwisho wa mwezi msimamizi anakuja na karatasi, anasema kompyuta haidanganyi. Wenzangu wawili walipunguzwa kwa karatasi hizo.

Halafu mnasema masikio. Masikio ya nani, na yanamsikiliza nani?

#11 Fundi_wa_Njeru

Pole sana ndugu yangu. Na umesema kweli, kompyuta haidanganyi. Imeulizwa swali la kijinga, imelijibu kwa uaminifu.

Sensa inayohesabu mizunguko inajua kitu kimoja: inazunguka au imesimama. Sababu haijui. Kuna dawa rahisi, na ni ya bei nafuu kuliko ile skrini: weka vitufe karibu na opereta. Mashine ikisimama zaidi ya muda mfupi, anabonyeza sababu: hakuna malighafi, umeme, mashine ya mbele, kubadilisha saizi, hitilafu. Mahali nilipofunga vitufe hivyo, stoo iliyokuwa inachelewesha mzigo ilijulikana haraka sana, na majina yakashuka ukutani. Nilisisitiza yashuke. Data ya mashine iitwe kwa jina la mashine.

Jambo jingine, kwa faida ya wote. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Namba za mtetemo wa mota haziihusu. Lakini ukiunganisha kihesabio na jina la mtu ukamtathmini nayo, hiyo ni taarifa yake binafsi. Ana haki ya kujua inakusanywa kwa ajili gani na kuomba aione. Mwajiri anayesema ni mali ya kiwanda pekee anajidanganya.

#12 Tanuru_Tororo

Hapa nakuunga mkono Fundi. Niongeze tu kwamba vitufe navyo vinachezewa. Watu wanabonyeza "umeme" kwa kila kitu. Ukiweka mita kwenye laini inayoingia unaweza kulinganisha: kama umeme ulikuwepo, kitufe kimesema uongo. Sisemi muwakamate, nasema mtu akijua kwamba inaonekana anabonyeza ukweli.

#13 BintiWaArua

Habari za usiku. Ninafanya usalama wa mifumo ya kompyuta, na uzi mzuri kama huu kufika hapa bila mtu kusema neno nywila umenitia wasiwasi.

Fundi, wewe unaongelea kisanduku ambacho mwenye kiwanda anajua amekinunua. Mimi naongelea kile asichokijua. Mashine mpya kutoka nje, ya kufungasha au ya kupuliza chupa, mara nyingi inakuja na ruta ndani ya paneli, ikiwa na laini ya simu au imechomekwa kwenye mtandao wa ofisi. Imewekwa na mtengenezaji ili fundi wake wa ng'ambo aingie kutatua shida bila kupanda ndege. Kwa nia njema kabisa. Lakini inawaka saa ishirini na nne, nywila ni ileile ya kiwandani ilikotoka, na mwenye mashine akiulizwa anasema "ile taa ya kijani? sijui, ilikuja nayo". Kupitia mlango huo mtu aliye bara jingine anaweza kubadilisha kasi ya mashine wakati mkono wa mtu uko ndani. Basi mambo ya breki unayosema, Fundi, yameshatoka nje ya ukuta zamani na hakuna aliyetia saini.

Msidhani natisha watoto. Modbus, lugha ambayo nusu ya vifaa vyenu inaongea, ni ya 1979 na haina nywila kabisa. Yeyote aliye kwenye waya huo akisema "funga vali", vali inafungwa. Ilitengenezwa kwa waya unaoishia ukutani. Mwaka 2010 iligunduliwa programu ya Stuxnet iliyoingia kwenye mitambo ya Natanz kule Iran, ambayo haikuwa hata kwenye intaneti. Ilibebwa na flashi. Ikabadilisha kasi ya mashine za kurutubisha urani huku skrini za waendeshaji zikiendelea kuonyesha namba nzuri. Desemba 2015 Ukraine, waendeshaji wa umeme walitazama kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani. Na Mirai, programu nyingine ya uharibifu ya 2016, haikuhitaji ujuzi wowote wa ajabu: ilikuwa na orodha ya nywila za kiwandani, ikazijaribu kwenye kamera na ruta za dunia nzima, nyingi zikafunguka.

Ninachowaambia wateja wangu si kigumu. Tembea na fundi umeme, fungueni kila paneli, hesabuni antena. Ruta ya mtengenezaji ipewe umeme kupitia swichi ya ufunguo. Mafundi wa nje wakihitajika, msimamizi anageuza ufunguo, wanafanya kazi huku mtu wa karakana amesimama kwenye mashine, wakimaliza ufunguo unarudi droo. Mtandao wa mashine utenganishwe na wa ofisi, usipitie kwenye WiFi ileile ambayo wageni wanapewa. Na flashi za muziki zisichomekwe kwenye kompyuta ya chumba cha udhibiti. Najua mnafanya.

#14 Fundi_wa_Njeru

Dada wa Arua, swichi ya ufunguo kuanzia leo naiingiza kwenye kila makadirio ninayoandika. Shida ninayoiona ni mkataba: mtengenezaji anasema ukizima ruta dhamana ya mashine inakufa. Hiyo mnaishughulikiaje?

#15 BintiWaArua

Kabla ya kulipa, si baada. Iandikwe kwamba mnunuzi ndiye anayefungua mlango, na kwamba data ya mashine inabaki yake. Baada ya kulipa huna nguvu, unabembeleza. Nikikutana na mkataba uliokwisha sainiwa, nawaombea walau kumbukumbu ya kila aliyeingia na saa aliyoingia. Wengi wanakubali hilo, na wakishajua wanaandikwa wanaingia kwa adabu.

#16 Msafiri_wa_Tanga

Nimeona mmetaja mabomba ya mafuta nikashtuka, maana mimi ni Mtanzania wa Tanga na la kwetu na lenu ni moja. Bomba la EACOP, Kabaale huko Hoima hadi Chongoleani, kilometa 1,443, na 296 kati ya hizo ziko Uganda. Mafuta yenu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba linafunikwa na kupashwa joto kwa umeme ili yabaki juu ya nyuzi 50 safari nzima. Huwezi kuweka mlinzi na kipima joto kila kilometa. Ndiyo maana waya wa faiba unaambatana na bomba. Nauliza tu: vijana wa Kyambogo na wa kwetu Arusha Tech wataajiriwa kusoma hizo data, au watachimba mtaro tu?

#17 kijana_kyambogo

Kaka wa Tanga hilo ndilo tunalojiuliza bwenini. Darasani tunafundishwa PLC kwa nadharia, maabara ina chache na wanafunzi ni wengi. Mimi MQTT nimejifunzia kwenye simu.

#18 Fundi_wa_Njeru

Anayenihitaji mimi kazini hatafuti mtu wa kompyuta peke yake wala mtu wa umeme peke yake. Nimewaona vijana wanaochora grafu nzuri lakini hawajui kwamba sensa ya mtetemo ikibandikwa kwenye kifuniko cha feni badala ya kwenye nyumba ya beringi inasoma upuuzi. Na wazee wanaojua mota kwa kuigusa, ukimpa tablet anaiweka juu ya paneli inayowaka moto. Mmoja akikubali kujifunza ya mwenzake ana kazi, iwe Hoima, iwe Tanga.

#19 Kinu_Kisenyi

Mimi ni mwenye kinu cha mahindi Kisenyi. Nimesoma yote, mengine yamenipita. Nina mota mbili kubwa na ya kukoboa, bili ya umeme inaniua, na mwaka huu nimeshapeleka mota kufungwa waya upya mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nina hela kidogo. Nianze na nini? Msinipe orodha ndefu.

#20 Fundi_wa_Njeru

Anza na mita ya umeme inayorekodi, moja tu, kwenye laini kuu. Iwe inasoma fezi zote tatu na inatunza kwa saa. Sababu mbili.

Bili: kwenye viwango vya biashara na viwanda, umeme wa saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku ndio ghali zaidi, na wa saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndio rahisi. Mita itakuonyesha kiasi gani unasaga kwenye saa za ghali. Wenye vinu wengi hawajui, wanaona jumla ya mwisho wa mwezi tu. Kama unaweza kuhamisha kukoboa kwenda alfajiri, hiyo hela inarudi bila kununua kitu kingine.

Mota: wacha nikisie, zinaungua wakati umeme unayumba? Voltiji za fezi zikitofautiana kwa asilimia 1, mkondo ndani ya mota unaweza kutofautiana kwa asilimia 6 hadi 10. Mota inachemka ukiwa hujui. Ikikatika fezi moja kabisa na mota ina mzigo, inaendelea kuvuta kwa mbili zilizobaki mpaka unanusa. Mita itakuonyesha hali hiyo inatokea saa ngapi, nawe utakuwa na kitu cha kumpelekea anayekuuzia umeme zaidi ya malalamiko.

Sensa za mtetemo zingoje.

#21 Tanuru_Tororo

Kinu, kabla ya mita ya Fundi nunua relei ya kulinda fezi, moja kwa kila mota. Mita itakuonyesha mota yako iliungua saa ngapi. Relei itaizuia isiungue.

#22 Fundi_wa_Njeru

Mzee amenisahihisha na namshukuru. Relei kwanza, mita baadaye.

#23 Kinu_Kisenyi

Asanteni wazee. Hiyo relei inafungwa wapi, kabla ya kontakta, ile swichi inayowasha mota, au baada?

#24 Fundi_wa_Njeru

Inapima kabla ya kontakta, upande umeme unakoingia. Mguso wake unaungwa mfululizo na koili ya kontakta. Fezi moja ikikosekana, koili inakosa umeme, kontakta inaachia, mota inazima. Haitaki laini ya simu wala bando. Umwambie fundi wako aweke na muda wa kungoja kabla ya kuwasha tena, tofauti kwa kila mota, ili umeme ukirudi zisianze zote tatu kwa mpigo mmoja. Na akishafunga, achomoe fyuzi moja mbele yako uone kama kweli inaachia, ndipo umlipe.